Mzizi anaujua, kilichomwangusha ni kineno kidogo

Swali lilikuwa la mizizi. Binti wa kaka yangu yuko kidato cha pili, tunaishi naye hapa Mbagala, na siku hiyo alikuwa amekaa kwenye mkeka na karatasi ya jaribio waliyorudishiwa, kanuna tangu atoke shule. Nikaichukua niangalie. Swali la kuchagua limeandikwa "All of the following are functions of the root except", halafu chini yake A mpaka D. A inasema mzizi unafyonza maji na madini, B unaushikilia mmea ardhini, C unatunza chakula, D unatengeneza chakula kwa usanisinuru.

Kazungushia A. Kapigwa kosa.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, mama, mzizi una kazi gani? Akazitaja zote bila kusita, tena mfano wa muhogo akautoa mwenyewe, kwamba kile tunachochemsha asubuhi ni mzizi ambao mmea umewekea akiba yake ya chakula. Haya, na chakula chenyewe mmea unakitengenezea wapi? Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu, akasema kwenye majani, shangazi, kwani huko chini kwenye udongo kuna mwanga?

Yaani swali lote kalijibu, na sababu juu.

Nikamwekea kidole kwenye lile neno la mwisho, "except", yaani isipokuwa. Akasema analionaga sana kwenye mitihani ila maana yake hana uhakika, yeye anadhani ni kama "expect", wanachotegemea mzizi ufanye. Kwa hiyo alisoma mzizi, akaona kazi ya mzizi, akachagua ya kwanza iliyo kweli. Kwa alivyolielewa swali, alichofanya kilikuwa sawa kabisa.

Hiyo karatasi imenikaa kichwani wiki na wiki. Nikiwa kwenye daladala naiwaza, nikiwa dukani naiwaza.

## Maneno marefu yanaogopwa bure

Tukiongelea baiolojia na Kiingereza, wazazi wengi na hata walimu tunakimbilia yale maneno makubwa. Photosynthesis. Mitochondrion. Chlorophyll. Tunasema masikini watoto wetu, wametoka darasa la saba wamesoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote, januari moja wanaingia kidato cha kwanza wanakutana na madude kama hayo, watayawezaje. Na mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo.

Ila angalia vizuri. Hayo maneno ni mageni kwa kila mtu duniani. "Photosynthesis" imeundwa kwa Kigiriki, mwanga na kuunganisha, hakuna mama Uingereza anayemwambia mwanae neno hilo wakati wa kumlisha uji. Mtoto wa London analikuta shuleni, kwa mwalimu, kama anavyolikuta mtoto wa Mbagala. Jina la kisayansi la mahindi ni Zea mays, alilitoa Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1753, ni Kilatini, na yule wa London naye inabidi alikariri. Hapo watoto wote wako mstari mmoja.

Halafu neno kubwa linafundishwa. Mwalimu analiandika ubaoni, analitamka, darasa zima linarudia, linachorewa mchoro, linapigwa mstari kwa peni nyekundu. Lina maana moja tu na haibadiliki. Binti yangu huyu anakuandikia "chlorophyll" na h zake zote mbili bila kuangalia popote.

Sasa "except" nani kamfundisha?

"Whereas", yaani ilhali, nani kamfundisha? "Unless"? "Respectively"? "Lack of"? Mwalimu wa baiolojia anaona hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza yuko kwenye tenses na barua rasmi. Haya maneno hayana mwenyewe. Yule mtoto wa London kayapata bure nyumbani akiwa na miaka minne, mama kamwambia unaweza kula zote isipokuwa ile ya dada yako. Na mtoto wa hapa hapa Dar aliyesoma ingilishi midiamu tangu chekechea naye kayapata. Wa kwetu hajawahi kuambiwa na mtu yeyote, na mtihani unamchukulia kama anayajua.

Hapo ndipo wanapoachana.

## Kiseyeye

Nikaanza kupekua madaftari yake na ya wenzake wawili wa nyumba ya jirani wanaokuja kusoma na yeye jioni. Ukishajua unatafuta nini unaliona kila ukurasa.

Kuna mahali daftari linasema "Scurvy is caused by lack of vitamin C", yaani kiseyeye kinatokana na ukosefu wa vitamini C. Sentensi fupi, imenakiliwa ubaoni sawasawa. Nikamuuliza mmoja wa wale jirani, kiseyeye kinatokana na nini? Vitamini C, akasema. Nikamuuliza kwa hiyo mtu mwenye kiseyeye tumwambie machungwa aache? Akafikiri sana, akasema ndiyo, apunguze.

Huyo mtoto si kwamba hakusoma. Kasoma kila neno analolijua katika ile sentensi. "Scurvy" analijua, "caused" analijua, "vitamin C" analijua, katikati pale kuna vitu viwili vidogo kavirukia, na alivyovirukia ndivyo vilivyobeba habari nzima. Matege na vitamini D yakawa hivyo hivyo, rovu na madini joto hivyo hivyo. Sura nzima ya lishe kwake ilikuwa imepinduka, na anajiamini nayo.

Mimi nauza kwenye duka la dawa muhimu, sentensi za namna hii ndiyo maisha yangu ya kila siku. Kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi jina la dawa ndilo linaloonekana gumu, kumbe mtu anaumizwa na "before", "not more than", "unless". Ndiyo maana nadhani hii kitu imenishika hivi. Kusoma majina ukaacha viungio nimeona inavyofanya kwa watu wazima.

Na mishipa ya damu je. Ateri inapeleka damu "away from" moyo, vena inaileta "towards" moyo. Wao walikuwa wamekariri kwa njia ya mkato kwamba ateri ina damu yenye oksijeni na vena ina damu isiyo na oksijeni, ambayo inakwenda vizuri mpaka unapofika kwenye mapafu, kwa sababu ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni imebeba damu ambayo bado haijapata oksijeni, na vena zinazotoka mapafuni zimebeba ile iliyoshapata. Ukishika "away from" na "towards" hupotei hata pale. Ukishika njia ya mkato unapotea, halafu unaambiwa baiolojia ina mambo mengi ya kukariri.

## Darasani panavyoongewa

Kilichonifungua macho zaidi ni kumsikiliza tu akijisomea kwa sauti, akiigiza mwalimu wake. Wanafanyaga hivyo, mmoja anakuwa ticha, wengine wanafunzi. Akasema: "Sasa hii xylem ina-transport maji kutoka kwenye roots kwenda kwenye leaves, si ndiyo? Are we together?" Wenzake wakaitikia yeees.

Nikamwambia rudia.

Sikilizeni hiyo sentensi. Kiingereza kipo wapi? Kipo kwenye majina, xylem, roots, leaves, na kwenye kitenzi kimoja kilichovalishwa nguo za Kiswahili. Kiswahili kipo wapi? Kipo kwenye "hii", "kutoka", "kwenda", "sasa", yaani kila kinachounganisha. Na simlaumu mwalimu hata kidogo, anataka waelewe na wanaelewa kweli, angeongea Kiingereza kitupu nusu ya darasa ingelala. Ila matokeo yake ni kwamba mtoto anasikia majina ya Kiingereza kila siku, na viungio vya Kiingereza hasikii kabisa kwa mdomo wa mtu, anaviona tu kwenye notsi anazonakili na kwenye karatasi ya mtihani. Na siku ya mtihani Kiswahili kinaondolewa chote. Anabaki na majina yake mkononi na hakuna kamba ya kuyafungia.

Nilivyoelewa hilo nikakaa kimya muda mrefu. Miaka yote tunasema watoto hawajui Kiingereza kana kwamba ni kitu kimoja, unacho au huna. Hawa wana nusu moja kamili, nusu ya pili hawajawahi kupewa.

## From, to, through

Osmosis kila mtu anaifahamu, ndiyo ile fafanuzi inayokaririwa kuliko zote. Maji kutoka penye maji mengi kwenda penye maji machache, kupitia utando unaoruhusu baadhi ya vitu tu kupita. Kwa Kiingereza wameishika kama wimbo. Nikaandika kwenye karatasi nikiwa nimetoa maneno matatu, "from", "to" na "through", nimeacha mapengo, nikawaambia wajaze.

Kila mmoja akajaza vyake, hakuna aliyefanana na mwenzie, na mmoja maji yakawa yanatoka penye machache kwenda penye mengi.

Nikawapeleka jikoni. Nikakata vitunguu vya kachumbari nikanyunyiza chumvi, nikawaambia tusubiri. Baada ya muda sahani imejaa maji. Maji yametoka wapi? Ndani ya kitunguu. Yamekwenda wapi? Kwenye chumvi. Yamepitia wapi? Hapo wakabishana, mmoja akasema kwenye ukuta wa seli, mwingine akasema ukuta unapitisha kila kitu, utando ndio unaochagua, na huyo wa pili ndiye aliyekuwa sahihi. Wanajua! Nikawaambia haya, sasa hiyo hiyo mliyoniambia, "wapi" ya kwanza ni "from", ya pili ni "to", ya tatu ni "through". Wakaandika upya fafanuzi bila kuangalia daftari, kila mtu kwa namna yake, grama mbovu kidogo lakini maji yanakwenda upande wake.

Binti wa kaka akasema kumbe ndo maana papa wa chumvi haozi, bakteria wananyonywa maji. Sikumfundisha hilo, kalitoa mwenyewe.

## Kuku wa Jumapili

Basi nikaanza kugeuza. Shule inatia majina ya Kiingereza kwenye sentensi ya Kiswahili, mimi nikasema nyumbani tutafanya kinyume, tuweke majina ya Kiswahili kwenye sentensi ya Kiingereza. Majina hayanisumbui, shule itawapa. Nataka mifupa ya sentensi.

Jumapili tukamchinja kuku, na kabla hajaenda sufuriani akapasuliwa taratibu kwenye sinia. Sheria ilikuwa moja, kila kiungo kitaje kwa Kiswahili, ila kinafanya nini useme kwa Kiingereza. "The firigisi grinds the food." Sawa, kwa sababu kuku hana meno na mle ndani mna vijiwe, tukavikuta. "The ini makes nyongo." Vizuri. "The nyongo goes from the ini into the utumbo." Hapo nikafurahi sana, kwa sababu "into" hajaambiwa na mtu, kaitafuta. "The kongosho releases juice into the utumbo mwembamba." "The utumbo mwembamba absorbs food, whereas the firigisi only grinds it." Hiyo "whereas" ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye manila tangu katikati ya wiki na hakuna aliyekuwa ameigusa.

Wakacheka sana na hizo sentensi zao chotara, lakini walikuwa wanaongea. Hawa ni watoto ambao ukiwaambia ongea Kiingereza wanaangalia chini. Ukimwondolea hofu ya "pancreas" na "gizzard" anabakiwa na nafasi kichwani ya kufikiri kitu gani kinatoka wapi kinakwenda wapi, na hiyo ndiyo baiolojia yenyewe, hata kwa Kichina ingekuwa hiyo hiyo.

Vitenzi navyo nikagundua si vingi. Absorb, release, contain, surround, carry, store, break down, protect, prevent, allow, support. Ukiwa na hivyo na viungio vyako umeshakuwa na uwezo wa kusoma sehemu kubwa ya kitabu cha kidato cha kwanza na cha pili. Kuna maneno pia yenye nyumba mbili, hayo nayapa muda wake. "Tissue" wao wanajua ni tishu ya kufutia mikono. "Cell" wanajua ya polisi, na hiyo ina ukweli ndani yake kwa sababu mwanasayansi wa Uingereza Robert Hooke mwaka 1665 alivyoangalia kipande cha gamba la mti kwenye hadubini yake aliona vijumba vidogo vidogo vimepangana ndio akaviita hivyo. "Respiration" ni ngumu kuliko zote, kila mtoto anakwambia ni kupumua, na si kupumua, ni seli kutoa nishati kwenye chakula, usiku na mchana, hata mti unafanya na mti haupumui kwa mapafu. Hiyo inataka jioni nzima peke yake.

Halafu kuna maneno ya kuulizia. "State" taja tu, usijieleze. "Explain" eleza kwa sababu. "Account for" toa sababu, na wale jirani walikuwa wanaliunganisha na akaunti ya benki, wakawa wanaliruka swali zima.

## Kinachonikwaza

Kuna usiku najiuliza kama ninachofanya ni sahihi. Kwa sababu kuna swali kubwa nyuma yake nalo ni la siku nyingi, kwa nini mtoto anayeijua osmosis kwa Kiswahili asiulizwe kwa Kiswahili? Tume ya elimu iliyoongozwa na Makweta ilishapendekeza mwaka 1982 sekondari zihamie kwenye Kiswahili. TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa hiyo hoja kwamba maneno hatuna haikuwa na nguvu hata wakati ule. Sera ya Elimu ya 2014 ikaandika Kiswahili kitumike ngazi zote. Na hadi leo kidato cha kwanza ni Kiingereza.

Mimi naamini kwa moyo wote mtoto anafikiri vizuri zaidi kwa lugha yake, yule wa muhogo kanionyesha. Sasa nikibandika manila ya "whereas" ukutani, je siyo kwamba nasaidia mfumo uendelee ulivyo? Kila mzazi mwenye nafasi akijizibia pengo lake nyumbani, pengo la wote litazibwa na nani? Nimeligeuza hili sana. Kaka yangu anasema achana na siasa, mtoto ana mtihani wa kidato cha pili mbele yake. Jirani mmoja, mama wa wale wawili, akasema kitu kingine, kwamba yeye hataki mwanae aondolewe Kiingereza, anataka akipewe chote, siyo nusu. Hilo la pili limeniingia zaidi. Bado nataka Kiswahili madarasani, nitaendelea kusema hivyo, ila huyu aliyeko kwenye mkeka leo hawezi kusubiri tukubaliane.

## Nilipokwenda kwa mwalimu

Mwishowe nikaomba kuonana na mwalimu wake wa baiolojia. Nilikwenda na ile karatasi ya mizizi na nilikuwa na wasiwasi ataona namwingilia kazi. Hakuona hivyo. Akaiangalia, akaniambia dada, hili swali limekosewa na wengi, mimi niliandika kwenye rekodi kwamba mada ya mizizi hawajaielewa na nilikuwa nimepanga kuirudia.

Kuirudia mizizi, kwa watoto wanaoijua mizizi.

Tukaongea sana. Akanieleza upande wake na una uzito, darasa limejaa, silabasi inamkimbiza, yeye kasomea sayansi hakusomea kufundisha lugha, na akianza kufafanua kila kineno hatafika kwenye mada za mwisho. Nikamwambia sisemi kila kineno. Akasema basi tufanye hivi, kila akimaliza kipindi atoe sentensi moja tu ya siku hiyo, kwa Kiingereza kitupu, viungio vikiwa vimetolewa, wajaze, na kwenye majaribio yake akiona wengi wamekosa swali moja awaulize kwanza kwa mdomo kwa Kiswahili kabla hajaamua kwamba mada imewashinda. Na lile la mizizi hatalirudia kama mada, atalirudia kama swali.

Akaniomba orodha yangu. Nikamwandikia kwa mkono pale pale staff room, nikaanzia na from, to, through, halafu lack of, except, unless, whereas, away from, towards. Akaongeza yake ambayo mimi sikuwa nimeyafikiria, "hence", "rather than", na "both", akasema hiyo "both" inawaua kwenye mada ya vyura kwa sababu chura anapumua kwa mapafu na kwa ngozi, wao wanachagua kimoja. Ameanza na mkondo B, ndio wenye kipindi cha mwisho Ijumaa na muda wa kubaki kidogo.